Ombi la Kurudishwa kwa Ng'ombe katika Sayari ya Mirihi

Patriki Gidabuday,
Kijiji cha Maretadu,
Wilaya ya Mbulu,
Mkoa wa Arusha.
10 Mei 1988

Kwa Msimamizi wa Gari la Sinema,
Arusha.

Ndugu Msimamizi,

Salamu kwako, kwa familia yako, na kwa jenereta yako, ambayo tuliisikia ikikohoa tukaionea huruma. Huku tu wazima. Mvua imenyesha ya kutosha, maharage yamebeba, na hakuna aliyekufa isipokuwa mzee mmoja wa kijiji cha Daudi ambaye umri wake ulikuwa umeruhusu.

Ijumaa iliyopita gari lako lilifika katika kambi ya shamba la ngano la serikali, kule chini Hanang, likaonyesha filamu kwenye ukuta wa ghala. Mimi nilikuwa nimeshuka kumtembelea mdogo wangu Gidahosh, mfugaji wa Getanuwas, nikamchukua tukaenda kuitazama. Filamu inaitwa Mavuno ya Mbali. Inahusu watu waliopelekwa kuishi katika sayari ya Mirihi. Watu walifurahi sana, na mimi ningefurahi pamoja nao, ila nina bahati mbaya ya kuwa nimesoma kitabu chake.

Kitabu kinaitwa Zizi la Mbali. Jina nimelifasiri hivyo mwenyewe, maana kimeandikwa kwa Kiingereza. Niliachiwa na mtaalamu mmoja wa kigeni wa mashine za kuvunia alipomaliza mkataba wake, pamoja na koti la mvua na chupa ya chai isiyo na kifuniko. Koti limechakaa, chupa imevunjika, kitabu ndicho kilichodumu. Si hadithi ya mazimwi wala ya watu wenye macho matatu. Aliyekiandika ni mtu aliyekaa chini akafanya hesabu. Anakuambia mtu mmoja anahitaji maji kiasi gani na hewa kiasi gani. Anakuambia kwamba udongo wa Mirihi ni vumbi lililokufa, na halitaotesha kitu mpaka lilishwe samadi kwa miaka. Kwa sababu hiyo wasafiri walichukua ng'ombe, mitamba sita na fahali mmoja, na hadithi yote ni ya hao ng'ombe. Samadi kwanza, udongo baadaye, ngano mwisho kabisa, ukurasa mmoja na nusu.

Katika filamu hamna ng'ombe. Hamna hata ndama. Hamna hata picha ya ng'ombe iliyotundikwa ukutani.

Ningeweza kunyamaza, kwa kuwa kuondolewa kwa ng'ombe ili ngano ipate nafasi si jambo geni kwangu. Nilizaliwa katika uwanda ule ule ambamo gari lako liliegeshwa. Nyumbani kwetu sasa ni kitalu chenye herufi na namba, na nikitaka kwenda nyumbani naomba ruhusa getini. Sina kinyongo. Wairaqw wa Maretadu walinipokea vizuri, na kwa miaka mingi nimekuwa mlaji mwaminifu wa mkate. Kila ninapokata kipande kizuri humwambia mke wangu, Kornelia, huu lazima uliota pale palipokuwa zizi la baba, ndiyo maana una ladha. Naye hunijibu kwamba zizi la baba halikuwa na siagi, nile ninyamaze.

Lakini safari hii filamu imeleta madhara. Ilipokwisha, Bwana Ignasi, msimamizi wa shamba, ambaye ni mtu mwema na mwenye sauti nzuri, alichukua kipaza sauti cha fundi wenu akasema, "Shikamooni wazee wangu. Mmejionea wenyewe. Hata huko juu wameacha ng'ombe, wameshika ngano." Kisha akatangaza kwamba Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 21, kijiji kitakutana Getanuwas kuamua kama njia ya ng'ombe ifungwe.

Njia hiyo ndiyo pekee iliyobaki. Inatoka Getanuwas, inapita katikati ya ngano, inafika kwenye ziwa la magadi ambako ng'ombe hulamba chumvi, halafu inaendelea mpaka vijiji vya ng'ambo. Ikifungwa, mwenye ng'ombe itabidi auzunguke mlima. Ng'ombe atakayerudi kutoka huko atakuwa amelamba chumvi, ndiyo, lakini hatakuwa ng'ombe tena, atakuwa ngozi inayotembea. Shamba limeahidi kazi za kibarua kwa vijana, na vijana wengi, baada ya filamu yako, wanasema njia ilimwe. Kwa hiyo, Ndugu Msimamizi, suala la ng'ombe wa Mirihi limekuwa suala la ng'ombe wa mdogo wangu.

Naweka malalamiko yangu kwa namba, ili yatoke zizini moja moja yasikanyagane.

1. Jina. Kitabu ni Zizi la Mbali, filamu ni Mavuno ya Mbali. Umbali mmeuacha, zizi mmelifukuza. Mtu anayeanza kwa kuondoa zizi kwenye jina, usishangae akimaliza kwa kuliondoa kwenye nchi.

2. Ng'ombe wenyewe. Hapa lazima nikueleze habari za Gidahosh. Yeye hasomi, na kwa miaka kadhaa nikishuka kwake humsimulia kitabu kipande kwa kipande. Kitabuni mitamba ile ina namba tu. Gidahosh alikataa katakata. Alisema ng'ombe mwenye namba ni ng'ombe wa mnada, akawapa majina kufuatana na rangi nilizomsomea: Mwekundu, Mabaka, Tumbo Jeupe na wenzao. Anawajua kama wake. Nikifika Getanuwas, kabla hatujamaliza kusalimiana, ananiuliza kama Mabaka amepona kwato. Mwaka juzi alinishauri nimwandikie mwandishi kwamba yule fahali mmoja atazaa na binti zake, waongeze mwingine. Sasa fikiri mtu huyu ameketi mbele ya ukuta wa ghala, amevaa shuka lake jipya. Chombo kilipotua na mlango ukafunguka, akaniinamia, "Kaka, sasa wanatoka?" Nikamwambia asubiri. Kila mlango ulipofunguka aliuliza tena, na filamu hiyo ina milango mingi. Yalipoanza kushushwa magunia ndipo aliponyamaza. Tulipokuwa tunarudi alisema jambo moja tu, "Kaka, umenileta kuangalia magunia." Tangu siku hiyo ananitazama kama mtu aliyewauza ng'ombe wake kwa siri.

3. Daktari. Kitabuni mkuu wa safari ni mama mmoja mjane, daktari wa mifugo, mfupi, mwenye magoti mabovu, anayezungumza na ng'ombe kwa adabu, na watu bila adabu. Ni mmoja wa watu ninaowapenda duniani, pamoja na kwamba hayupo duniani. Katika filamu amegeuzwa kijana wa mitambo mwenye kifua kipana ambaye hafungi vifungo vya shati. Mirihi, kwa mujibu wa kitabu, ina baridi inayoweza kugandisha mate mdomoni. Naomba afungwe vifungo.

4. Muda. Mwandishi wa kitabu anajua kwamba mtamba akibeba mimba hakuna wimbo utakaomharakisha. Sura nzima inapita tukisubiri Mwekundu azae, na hakuna kinachotokea, na ni sura nzuri kuliko zote. Katika filamu ngano ilipandwa, ikaota na kuiva wakati mtu mbele yangu akila hindi moja la kuchoma. Namfahamu mlaji huyo, si mlaji wa taratibu.

5. Mbolea. Hili ndilo kubwa. Kitabu kinasema pasipo samadi hakuna ngano. Filamu inaonyesha yule kijana akirusha unga mweupe kutoka kwenye gunia, na kesho yake pameota. Nimeishi jirani na unga mweupe, nauheshimu, umefanya kazi. Lakini hata Bwana Ignasi atakuambia kwamba kila mwaka unataka gunia zaidi kwa debe lile lile la ngano, na Mirihi hakuna stoo ya karibu. Kitabu kinaeleza jambo hili kwa jedwali. Filamu inalieleza kwa kifua.

6. Tafsiri. Fundi wenu Pascal ni mtu hodari, na kutafsiri filamu nzima kwa kipaza sauti huku ukishika mitambo si kazi ndogo. Lakini pale asipoelewa husema "wanazungumza mambo ya kazi," na kwa hesabu yangu wasafiri wale walizungumza mambo ya kazi karibu saa nzima. Pale rubani wa chombo aliposema kwa Kiingereza kwamba hana hakika kama ngano itaota msimu wa pili, na nilimsikia kwa masikio yangu, Pascal alisema, "Anawapongeza." Sentensi hiyo moja ingeweza kuiokoa njia ya ng'ombe.

7. Nilikuwa na lalamiko la saba kuhusu sauti ya chombo angani, ambako kitabu kinasema hakuna sauti. Nimelifuta. Mngurumo ule ulinipendeza.

Kutokana na hayo naomba mambo yafuatayo, nikianza na lililo rahisi.

Kwanza, filamu isahihishwe na ng'ombe warudishwe kabla ya tarehe 21. Naelewa walioitengeneza wako mbali, lakini wewe ndiye mwenye mikanda, na asiyeweza kumfikia mwenye shamba humwomba mlinzi.

Pili, ikiwa sababu ya kuwaacha ng'ombe ilikuwa kukosa ng'ombe, tatizo hilo halipo tena. Gidahosh yuko tayari kutoa mitamba sita na fahali, rangi zilezile za kitabuni, ili wapigwe picha hapahapa. Hataki malipo, anataka tu ahadi kwamba hakuna atakayewaita kwa namba. Mahali pa kupigia picha pia papo. Baada ya mavuno, kitalu kilichokuwa nyumbani kwetu hakina mti, hakina kichaka wala ndege. Ukisimama katikati yake na kutazama pande zote, hakuna atakayebisha kwamba uko Mirihi. Kwa nafasi ya daktari nampendekeza mke wangu Kornelia. Magoti anayo, na ile tabia ya kuzungumza na watu anayo pia.

Tatu, kama kupiga picha kutachukua muda, basi gari lirudi kabla ya mkutano na filamu ionyeshwe kama ilivyo, ila ng'ombe saba waruhusiwe kupita mbele ya ukuta, polepole, mahali panapostahili. Gidahosh atawaongoza na mimi nitampa ishara kwa kufuata kurasa. Wakati wa kushusha magunia watapita wote. Wakati wa mavuno atapita Mwekundu na ndama. Watazamaji wa huku hawatachanganyikiwa hata kidogo. Watu wetu wakiona kivuli cha ng'ombe wanajua ni wa nani. Nimefikiria pia uwezekano wa fahali kuupiga pembe ukuta pale yule kijana atakapofungua shati, na naona haitakuwa hasara.

Nne, kwa kuwa kosa lililofanywa katika filamu leo laweza kufanywa Mirihi kwenyewe kesho, naomba ulifikishe kwa wakubwa wako pendekezo kwamba sayari yoyote isilimwe mpaka kwanza itengwe njia ya ng'ombe, pana ya kutosha makundi mawili kupishana, yenye chumvi upande mmoja na maji upande mwingine. Iwekewe alama za mawe na iandikwe kwenye ramani kabla ya trekta la kwanza kushushwa, kwa maana uzoefu wetu ni kwamba baada ya trekta kushushwa ramani huwa imekwisha kuchorwa. Mwezini pia. Jua tuliache kwanza.

Nakiri kwamba jirani yangu Yoakimu Bura, mkulima mzuri wa mahindi, niliyemsomea rasimu ya barua hii, alicheka akaniuliza, "Mzee Patriki, kwani ng'ombe wako walikosa nauli?" Nikamjibu kwamba yeye anacheka kwa sababu shamba lake bado liko pale alipoliacha asubuhi. Akaacha kucheka, akanipa bahasha.

Nisalimie fundi Pascal, umwambie hakuna ugomvi, na akirudi atapata maziwa. Nisalimie dereva, na wote wanaobeba mashine, na wanaobaki ofisini wakiandika mahali gari litakapokwenda, maana hao ndio wenye dunia. Kornelia anakusalimu. Gidahosh hakusalimu, lakini ni kwa sababu ya majonzi, atakuja kukusalimu.

Ni mimi, mtazamaji wako mwaminifu na msomaji mwaminifu zaidi,

Patriki Gidabuday

N.B. 23 Mei. Barua hii haikuondoka. Basi lilishindwa kupanda kwa sababu ya matope, na kwa kuwa karatasi ni adimu naongeza hapa chini badala ya kuandika upya. Mkutano umekwisha kufanyika.

Nilikwenda na kitabu. Nilisimama nikasoma ukurasa wa samadi nikifasiri taratibu, na watu walinisikiliza kwa heshima, wawili wakasinzia. Nilipomaliza, Bwana Ignasi aliniomba kitabu kwa adabu, akageuza kurasa mbili mbele, akasoma mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimepigia mstari kwa furaha. Pameandikwa kwamba ng'ombe wa Mirihi waliishi ndani ya banda miaka minne bila kutoka hata siku moja, chumvi wakiletewa katika mabonge yaliyoning'inizwa, na maziwa hayakupungua. Akanirudishia kitabu kwa mikono miwili, akasema, "Mzee wangu, hiki kinakubaliana na mimi kuliko filamu." Akaahidi mabonge ya chumvi. Vijana wakapiga makofi. Gidahosh alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Kitabu kile ni cha kweli tupu, na ndiyo hasara yake.

Hapo akasimama shemeji yangu Bernadina, mke wa Gidahosh. Alikuwepo siku ya filamu, amekaa upande wa wanawake. Mwishoni mwa filamu ile mna harusi, ambayo sikuitaja katika malalamiko yangu kwa kuwa kitabuni haimo na niliiona ya kipuuzi. Yule kijana wa kifua anamwoa msichana wa chombo, watu wanapiga makofi, wanakula mkate, kwisha.

Bernadina akasema, "Nyie wanaume mmetazama ngano. Mimi nimemtazama yule binti. Amekwenda kwa mume bila hata ng'ombe mmoja wa baba yake. Kaka zake hawakumpa kitu. Kesho asubuhi akiamka anakamua nini? Gunia?"

Wanawake wakaanza kuguna.

"Alikuwa analia, fundi akasema ni kwa furaha," akaendelea. "Fundi ni mwanamume."

Hapo hata wazee waliosinzia waliamka. Akasema kwamba binti yake mwenyewe anaolewa mwezi wa nane, ng'ambo ya ziwa, na ng'ombe ambao kwa desturi yetu binti hupewa na baba yake na kaka zake lazima watembee naye, wafike wakiwa na manyoya ya kung'aa mbele ya mama mkwe. "Wakizungushwa mlima watafika mifupa. Watu wa kule watasema, huyu katoka kwenye filamu. Sasa aliye tayari dada yake aolewe kama yule, anyooshe mkono njia ilimwe."

Ndugu Msimamizi, vijana wale wote wana dada. Hakuna mkono ulionyooka. Kijana mmoja aliyekuwa ameahidiwa kibarua aliukuna mgongo wake na kaka yake akamshika mkono haraka usije ukahesabiwa. Bwana Ignasi alicheka mpaka akavua kofia, na ameandika kwamba njia ibaki kama ilivyo. Baadaye akamuuliza Bernadina kama mabonge ya chumvi ayalete hata hivyo. Alijibiwa ayalete, chumvi haina ubaya.

Kwa sababu hiyo nafuta malalamiko yote, kuanzia la kwanza mpaka la sita, na maombi yote manne, isipokuwa lile la vifungo. Filamu ibaki kama ilivyo. Ng'ombe msiwarudishe. Harusi msiikate hata kidogo, na Pascal aendelee kusema bibi harusi analia kwa furaha. Gidahosh amekubali kwamba Mwekundu na wenzake wabaki kitabuni, ambako anasema wana chumvi na hawana makelele. Kitabu nacho nakuomba, ukikutana na mtu anayetaka kukifasiri kwa Kiswahili, umshauri aanze na kingine.

Na mkiwa na filamu nyingine ambayo ndani yake hamna ng'ombe hata mmoja, tafadhali ipelekeni Daudi mapema. Nako kuna njia ya kwenda mtoni wanataka kuilima.